KOMPYUTA YA KIKUNDI INAPOJIZIMA OVYO: TUTAFUTE CHANZO HATUA KWA HATUA



Vikundi vingi tunavyovitembelea siku hizi vina kompyuta ya mezani ofisini. Mara nyingi imetumika kwingine kwa miaka mingi kabla ya kufika kwetu: imetolewa na shule, na kampuni ya mjini, au na marafiki wa ng'ambo. Hatuidharau. Inaandika barua, inatunza hesabu za akiba na mikopo, na vijana wanajifunzia hapo. Lakini ikishazeeka huanza vituko. Mweka hazina yuko katikati ya kuingiza michango ya Jumamosi, mara kioo cheusi. Anaiwasha, inakubali, na baada ya nusu saa imezima tena. Kesho yake inashinda kutwa bila tatizo lolote.

Kitu kilichoharibika kabisa ni rahisi kukijua. Kinachoharibika leo na kesho kikapona chenyewe ndicho huleta maneno. Wanachama wanaanza kuuliza mbona mchango wa wiki iliyopita hauonekani. Wengine wanasema ati karani kijana anaichezea. Wengine wananong'ona kwamba mweka hazina anaizima makusudi siku ya kusoma hesabu. Tumeona kikundi kikikaribia kugawanyika kwa sababu ya mashine, na wakati huohuo pesa za kikundi zikiendelea kutoka kununua vipuri visivyosaidia.

LENGO LA SOMO: Mwisho wa somo hili kikundi kiweze (1) kuokoa hesabu zake, (2) kutambua kompyuta inazima kwa namna gani, (3) kupima sababu moja baada ya nyingine, kuanzia zile zisizo na gharama, na (4) kuzungumza na fundi bila kubahatisha.

Sisi si mafundi wa kompyuta. Tuliyoandika hapa tumeyapata kwa kukaa na mafundi na kwa kusoma. Sehemu kubwa ya kazi hii inahitaji macho, masikio, daftari na subira.

A. KABLA YA YOTE, OKOENI HESABU

Kompyuta inayojizima inaweza siku moja ikakataa kuwaka kabisa. Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kunakili kumbukumbu za kikundi, leo hii, kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Nakala ziwe tatu: moja ndani ya kompyuta, moja kwenye flashi, na moja ya karatasi iliyochapishwa na kutiwa sahihi na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Flashi isikae ofisini pamoja na kompyuta, maana mwizi au moto vitachukua zote mbili. Ikae nyumbani kwa mmoja wa viongozi, na wanachama wajue ni kwa nani. Na kile kitabu cha mkono cha akiba msikitupe. Mpaka mashine itakapotengemaa, kila mchango uandikwe kitabuni kwanza, ndipo uingizwe kwenye kompyuta.

Anayechapa ajizoeze kubonyeza Ctrl pamoja na S kila anapomaliza mstari wa mwanachama mmoja. Kompyuta ikizima ghafla, kilichopotea ni mstari mmoja badala ya kazi ya asubuhi nzima.

B. INAZIMA KWA NAMNA GANI?

Mtu akimwambia daktari tu kwamba anaumwa, daktari atamuuliza wapi, tangu lini, na maumivu yanakuja wakati gani. Kompyuta nayo ni hivyohivyo. Neno "inazima" linaficha mambo manne tofauti:

1. Inakatika mara moja kama mshumaa uliopulizwa, taa na feni zote kimya. Hapa tunashuku stima, nyaya, pawa saplai (kile kisanduku cha nyuma kinachopokea stima), au joto.

2. Inakatika na kujiwasha upya yenyewe. Huenda stima ilishuka kidogo, huenda pawa saplai imechoka, au Windows imekutana na kosa ikaamua kuanza upya.

3. Inaonyesha skrini ya buluu yenye maandishi. Hii ni Windows yenyewe ikisema imeshindwa kuendelea. Mara nyingi ni RAM, diski, au programu inayoendesha kifaa fulani.

4. Inaganda. Picha ipo, lakini kipanya hakisogei. Hapa diski, RAM na joto ni washukiwa.

Kuna na ya tano ambayo si ugonjwa: kompyuta imelala tu. Skrini ni nyeusi lakini taa ya sanduku inawaka au inapepesa. Gusa kibodi, au bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja. Ikiamka na kazi yako iko palepale, badilisheni mipangilio ya kulala, na somo linaishia hapo.

C. DAFTARI LA KUZIMA

Nunueni daftari dogo, mlifunge kwa uzi kwenye meza ya kompyuta. Kila inapozima, aliyekuwa anaitumia aandike mambo sita: tarehe, saa, imewaka kwa muda gani, imezima kwa namna gani kati ya zile nne, alikuwa anafanya nini, na kulikuwa na nini pale karibu (jua kali, mvua, taa kufifia, jirani kuwasha mashine). Jina lake aliandike pia, lakini kila mtu aelezwe kwamba daftari hili halitafuti mkosaji. Mkilitumia kumshtaki mtu, watu wataacha kuandika.

Wiki mbili zinatosha kuonyesha kitu. Tuwape mfano wa kikundi kimoja cha akina mama wanaoweka na kukopeshana, ambacho ofisi yake imepakana na kinu cha kusaga unga. Walikuwa wameshalipia RAM mpya, na kompyuta ikaendelea vilevile. Walipoandika kwa majuma mawili, mistari ilijipanga makundi mawili. Kundi la kwanza: kujiwasha upya ghafla, asubuhi kati ya saa mbili na saa tatu, na tena saa nane mchana, na taa ya ofisi ikififia kidogo. Kundi la pili: kukatika kabisa, alasiri tu, baada ya kutumika kama dakika arobaini hivi, na ikiwashwa papo hapo inakatika tena baada ya dakika chache.

Kumbe yalikuwa magonjwa mawili katika mashine moja, na yote mawili yalitoka kwa jirani. Mota ya kinu ikianza kuzunguka huvuta stima nyingi kwa sekunde chache, na nguvu ya stima kwenye laini ile hushuka. Hayo yalieleza kundi la kwanza. La pili lilikuwa vumbi la unga, lililokuwa limejaza njia za hewa ndani ya sanduku mpaka joto likakosa pa kutokea. RAM haikuwa na kosa. Na yule karani kijana aliyekuwa akinyooshewa kidole hakuwa na kosa pia, kwani nusu ya visa vilitokea siku ambazo hakuwa kazini. Daftari ndilo lililomtetea.

D. TUANZE NJE: STIMA NA NYAYA

Tunaanza nje ya sanduku kwa sababu huko hakuna gharama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa tunainama kweli, chini ya meza.

Plagi na waya. Chomoa waya wa stima nyuma ya sanduku kisha uurudishe mpaka mwisho. Waya uliolegea hukatika mtu akigusa meza kwa goti. Azimeni waya mwingine wa namna hiyohiyo mjaribu kwa siku kadhaa. Soketi yenye alama nyeusi ya kuungua au inayotoa cheche isitumike tena mpaka fundi wa stima aiangalie.

Ekstensheni. Kompyuta isichomekwe ekstensheni moja na birika la stima, pasi, au printa ya leza. Printa ya leza huvuta stima nyingi kila inapopasha joto. Ikiwa kompyuta hujiwasha upya mara unapochapisha, mmeshapata mshukiwa.

UPS. Kifaa hiki kina betri inayoshika kompyuta kwa dakika chache stima ikipotea. Betri yake huchoka, kwa kawaida baada ya miaka mitatu hadi mitano, na ikichoka UPS yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayokata. Kuipima ni rahisi: hifadhi kazi yako, funga kila kitu, kisha chomoa plagi ya UPS ukutani huku kompyuta imewaka. Ikizima papo hapo, betri haifai. Pia jaribuni kuchomeka kompyuta moja kwa moja ukutani kwa siku tatu mlinganishe. Na tunarudia: printa ya leza isichomekwe kwenye UPS.

Kuna jambo moja kwa wale waliopokea kompyuta kutoka Marekani. Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Huku kwetu Kenya stima ni volti 240, kwa hivyo swichi lazima ionyeshe 230. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka ukutani, pawa saplai itaungua. Waelezeni watoto wasiichezee.

Kwa nini kompyuta kuukuu huangushwa na kushuka kwa stima ambako redio haikuhisi? Ndani ya pawa saplai kuna vijipipa vidogo viitwavyo kapasita vinavyoweka akiba ya stima. Pawa saplai nzuri ikikosa stima huweza kuendelea kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kama milisekunde 16 hivi, na hiyo hutosha kuvuka mitikisiko mingi. Miaka ikipita kapasita hukauka na akiba hupungua, na mtikisiko ambao zamani haukuhisiwa sasa unaiangusha.

Kitufe cha kuwashia. Kitufe hiki kikishikiliwa kama sekunde nne, kompyuta huzima kabisa. Kitufe cha zamani kilichokwama ndani kwa uchafu hufanya kazi hiyo bila mkono wa mtu. Kibonyeze mara kadhaa mkihisi kama kinarudi vizuri.

E. JOTO NA VUMBI

Prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, hutoa joto jingi. Juu yake kuna kipande cha alumini chenye mapezi mengi membamba, na juu ya mapezi kuna feni. Vumbi likiziba mapezi, joto hupanda. Prosesa nyingi zimetengenezwa zijilinde: zikikaribia digrii 100 za Selsiasi hupunguza kasi, na joto likizidi kupanda, kompyuta huzimwa ghafla ili isiungue. Kwa hivyo kuzima kwa joto ni kujikinga. Ukiilazimisha iwake kila mara unaiumiza.

Dalili za joto: inazima baada ya muda, si mara tu inapowaka, inazima upesi zaidi mchana wa jua, feni inapiga kelele kama kinu, na ikipumzishwa saa nzima inakubali tena kwa muda mrefu.

Kusafisha:

1. Zima, chomoa waya wa stima, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili stima iliyobaki iishe.
2. Toa sanduku nje penye hewa. Fungua ubavu wake kwa bisibisi.
3. Gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa kitu chochote ndani. Mwilini mwetu hukaa chaji ndogo inayoweza kuua vipande vya ndani.
4. Zuia feni kwa penseli isizunguke, kisha sugua polepole kwa burashi laini ya rangi iliyo kavu, ukipuliza kwa pampu ya baiskeli. Usipulize kwa mdomo, maana mate yataingia. Usitumie kitambaa chenye maji.
5. Safisha pia matundu ya pawa saplai kwa nje tu. PAWA SAPLAI ISIFUNGULIWE KAMWE. Kapasita zake hushika stima kali hata baada ya waya kuchomolewa, na inaweza kumdhuru mtu vibaya.
6. Ukiwa bado umefungua, washa kwa dakika moja bila kugusa chochote uone kama feni zote zinazunguka. Feni ya prosesa isiyozunguka ibadilishwe kabla ya kompyuta kutumika tena.

Sanduku likisharudi, lisiwekwe sakafuni wala kubanwa ukutani. Liinuliwe kwenye mbao, libaki nafasi ya kiganja nyuma yake, mbali na dirisha linaloingiza vumbi. Wengi hulifunika kitambaa kizuri cha kufuma. Kitambaa hicho ni cha usiku tu, mashine ikiwa imezimwa.

Ikiwa imesafishwa na bado inachemka, pengine ile grisi nyeupe au ya kijivu iliyo kati ya prosesa na alumini imekauka. Hiyo ni kazi ya mwenye mkono uliozoea: kufuta ya zamani kwa spiriti na kuweka mpya kiasi cha punje ya ndengu.

F. NDANI: RAM, PAWA SAPLAI NA DISKI

Kama stima ni nzuri na joto si kubwa, sasa tunaingia ndani. Kanuni ni moja: BADILISHENI KITU KIMOJA TU KWA WAKATI MMOJA, kisha msubiri siku kadhaa mkiandika daftarini. Mkibadilisha vitatu siku moja na kompyuta ikapona, hamtajua ni kipi kilichoponya, na mtakuwa mmelipia viwili bure.

RAM. Ni vile vibao virefu vyembamba vinavyosimama kwenye nafasi zake. Vikilegea au miguu yake ya rangi ya dhahabu ikifanya kutu, skrini ya buluu huja bila mpango. Stima ikiwa imechomolewa, toa kibao, sugua miguu hiyo taratibu kwa raba safi ya penseli, pangusa mabaki, urudishe mpaka usikie mlio wa kushika pande zote mbili. Kama viko viwili, tumieni kimoja kwa siku tatu, kisha kingine. Windows ina kipimo chake: bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika mdsched, kisha bonyeza Enter. Kompyuta itaanza upya na kupima RAM. Kipimo kikionyesha kosa hata moja, kibao hicho au nafasi yake haifai.

Pawa saplai. Njia ya hakika ni kuazima iliyo nzima na kujaribu. Fundi mwenye mita anaweza pia kupima: waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, na wa machungwa kati ya 3.14 na 3.47. Mita ikisema sawa, bado pawa saplai inaweza kuanguka ikipewa kazi nzito, kwa hivyo kipimo cha kuazima kina nguvu zaidi. Kabla ya kununua mpya, pelekeni ya zamani dukani mlinganishe plagi, kwa kuwa kompyuta nyingi za Dell na HP zina plagi na vipimo vyake vya pekee.

Kapasita za madabodi. Ukiangalia ule ubao mkuu wa ndani utaona vijipipa vingi vimesimama. Kichwa cha kila kimoja kiwe bapa. Kilichovimba juu au kinachovuja uchafu wa kahawia kimekufa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita nyingi zenye kasoro zilitumika kwenye kompyuta duniani kote, na mashine za miaka hiyo ndizo hasa zinazoonyesha jambo hili. Fundi hodari wa kuchoma risasi anaweza kuzibadilisha, lakini ulizeni kwanza kama gharama haizidi bei ya kompyuta nyingine iliyotumika.

Diski. Diski inayogonga kwa-kwa-kwa, au inayofanya kompyuta igande kwa dakika nzima ikifungua faili, iko njiani kwenda. Acheni kazi nyingine zote mnakili hesabu tena. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo huonyesha afya ya diski kwa rangi. Mkumbuke kwamba kukatikakatika kwa stima huumiza diski. Huenda mkakuta diski ina makosa, mkaibadilisha, na baada ya miezi michache mpya nayo ikaumia kwa sababu kisa chenyewe, yaani stima, kilibaki.

Betri ndogo ya saa. Hii ya mviringo kama sarafu, iliyoandikwa CR2032, wengi huuziwa kama dawa ya kila kitu. Ikiisha, saa na tarehe hupotea kila mnapochomoa stima, na hilo ni baya kwa hesabu za mikopo. Lakini si kawaida izime kompyuta inayofanya kazi. Ibadilisheni kwa ajili ya tarehe.

G. JE, NI WINDOWS AU VIRUSI?

Kuna kipimo kizuri kisicho na gharama. Washa kompyuta, na kabla Windows haijafunguka bonyeza F2, F10 au Delete mara nyingi (inategemea aina ya mashine) mpaka uingie kwenye ukurasa wa mipangilio uitwao BIOS. Usibadilishe kitu, uiache hapo saa nzima. Hapo Windows haijaamka, wala virusi vyake. Ikizima ikiwa hapo, acheni kulaumu programu; tafuteni stima, joto, pawa saplai au madabodi. Kwenye mashine nyingi ukurasa huo huonyesha pia joto la prosesa. Ikikaa saa nzima vizuri, msiseme bado kwamba vifaa ni vizima, kwa sababu hapo haikuwa na kazi nzito.

Windows nayo ina daftari lake. Bonyeza alama ya Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, na utaona siku kwa siku ni lini ilianguka. Linganisheni na daftari lenu la mezani. Mkikuta maneno Kernel-Power na namba 41, maana yake ni kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa vizuri. Haisemi kwa nini, kwa hivyo mtu asiwauzie kifaa kwa sababu ya namba hiyo peke yake.

Ikiwa inajiwasha upya bila mtu kuona maandishi ya skrini ya buluu, andika sysdm.cpl palepale, ingia "Advanced", kisha mipangilio ya sehemu ya mwisho, uondoe alama kwenye "Automatically restart". Mara nyingine itakapoanguka kwa kosa lake, maandishi yatabaki kwenye kioo. Yapigeni picha kwa simu. Kama hata hivyo inakatika bila maandishi yoyote, rudini kwenye stima na joto.

H. KUMPELEKEA FUNDI

Mkifika hapa bila jibu, nendeni kwa fundi mkiwa na daftari. Mwambieni mliyopima na matokeo yake. Fundi mwaminifu atafurahi, maana mmempunguzia kazi. Mwombeni kabla ya kazi aandike anachoshuku na gharama yake, na arudishe kipuri cha zamani kilichotolewa.

Jambo moja tusilisahau. Ndani ya diski mna majina ya wanachama, namba za vitambulisho, namba za simu na madeni yao. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza habari za watu azilinde, na hata bila sheria, deni la mtu ni siri yake na kikundi. Kama kazi haihusu diski, itoeni ibaki ofisini. Kama inaihusu, mmoja wa kamati akae na fundi.

I. LINI TUSEME IMETOSHA?

Kikundi kipange kiwango kabla ya kuanza. Kwa mfano: tukifika nusu ya bei ya kompyuta nyingine nzuri iliyotumika, tunaacha kutengeneza. Kumbukeni pia kwamba muda wa kawaida wa kuhudumiwa kwa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Mashine kama hiyo yaweza kuendelea na kazi ya kuchapa bila kuunganishwa na intaneti, au ikawekewa Linux Mint ambayo ni ya bure. Ikifa kabisa, toeni diski kwanza. Msiichome moto wala kuitupa shimoni. Ndani mna risasi na sumu nyingine. Ipelekeni kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

Kile kikundi cha akina mama kilimaliza kwa kununua UPS moja na burashi moja, na kumwomba jirani awatumie kijana awaambie kabla ya kuwasha kinu. Daftari bado limefungwa mezani kwa uzi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kompyuta yetu ikifa usiku wa leo, ni hesabu gani tutashindwa kuzipata kesho? Nakala zetu ziko wapi, na kwa nani?
2. Mara ya mwisho ilipozima, tulimlaumu nani? Tulikuwa na ushahidi gani?
3. Tumetumia shilingi ngapi mwaka huu kwa matengenezo, na ni ipi kati ya gharama hizo ilisaidia kweli?
4. Kompyuta imekaa wapi? Jirani zake ni nani: vumbi, jua, jiko, mashine?
5. Nani atanunua daftari, na ataanza kuandika lini? Jina na tarehe viandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano wa leo.